Nyakabiga Yetu ya Makopo

Mwezi huu tumepewa ukurasa sisi, familia tano tuliotoka Nyakabiga, mjini Bujumbura, ili tuwaeleze habari ya ile kazi yetu ambayo wengi mmekuja kuitazama na wengine mmeisikia tu njiani. Kuna waliotuita "wale wazee wanaochezea makopo". Hatukukasirika. Ni kweli tulichezea makopo miezi mitano, na leo tumekuja kujisifu kidogo, mtuvumilie.

Kama mjuavyo, kila tarehe 20 Juni, siku ya wakimbizi duniani, Warundi wakiitwa huitwa kupiga ngoma. Na kweli ngoma ni fahari yetu, hata UNESCO iliiandika mwaka 2014 katika orodha ya urithi wa wanadamu. Vijana wanapotokea wamejitwika ngoma kichwani wakiimba, wakazipanga nusu duara na inkiranya ikakaa katikati, hakuna Mrundi asiyesisimka. Lakini tuseme ukweli, si kila Mrundi anajua ngoma. Sisi ni watu wa mjini, watu wa avenyu na butike, na wengi wetu tukipewa ile mirisho mkononi tutajipiga vidole. Basi kila mwaka tulikuwa tunakaa pembeni tunapiga makofi. Mtoto wetu mmoja akauliza: "Sasa sisi tunajua kufanya nini?" Tukanyamaza wote. Mama yake akamwambia anyamaze naye.

Swali lile halikutoka. Siku moja kijana wetu akatuonyesha kwenye simu picha za kambi ya Zaatari, kule Yordani, wanakoishi wakimbizi wa Siria. Habari yenyewe ilitoka mwaka 2016. Mwalimu mmoja wa sanaa, Mahmoud Hariri, alikuwa ametengeneza mfano mdogo wa mji wa kale wa Palmyra kwa udongo na vijiti vya mishikaki, na wenzake wakatengeneza mifano ya majengo mengine makubwa ya nchi yao. Vijiti vya mishikaki, jamani! Mzee wetu mmoja, aliyekuwa seremala, alikaa na ile simu mpaka moto wa betri ukaisha. Halafu akasema: "Sisi Palmyra hatuna. Lakini Nyakabiga tunayo kichwani."

Ni kweli hatuna Palmyra. Nyakabiga si mahali penye kasri wala mnara, na sidhani kama kuna mtalii aliyewahi kuja kuipiga picha. Ni mtaa wa watu wa kawaida. Ukitoka upande wa ziwa ukipanda kuelekea milimani, unaacha Buyenzi, mtaa wa Waswahili, unapita Bwiza na Jabe, ndipo unaingia kwetu. Ukizidi kupanda unakutana na kampasi ya Mutanga ya Chuo Kikuu cha Burundi. Upande wa kaskazini ni mto Ntahangwa. Zamani Nyakabiga ilikuwa komini yenyewe, baadaye komini za mji zilipopunguzwa kutoka 13 kuwa 3 ikawa zoni ndani ya Mukaza, lakini mtu wa Nyakabiga ukimwuliza kwao ni wapi hatakuambia Mukaza.

Tulianza mwezi wa nane mwaka 2025, na wakati wenyewe haukuwa mzuri. Mgao ulikuwa umekatwa, mnakumbuka wenyewe hali ilivyokuwa, na watu walikuwa wanahesabu punje. Jirani mmoja akatuambia mbele ya watoto: "Chakula hakuna, ninyi mnafinyanga matope." Tulikosa la kumjibu. Alikuwa na haki yake. Ila tuligundua jambo, kwamba mtu mwenye njaa akikaa bure anaisikia njaa mara mbili. Akiwa anakata bati anaisikia mara moja.

Meza tuliifanya kwa milango miwili ya zamani. Kuta za nyumba ni katoni zilizopakwa udongo. Mabati ni yale makopo ya mafuta ya msaada, ya zamani, yaliyoandikwa USA, ambayo kila mtu wa Kakuma anayajua kwa kuwa yamekuwa milango na madirisha yetu miaka yote. Tulikuwa tunayakata kwa mkasi, tunayapiga kwa msumari juu ya ubao yapate mikunjo, kisha tunayageuza ili maandishi yakae ndani. Bibi yetu mmoja alikataa kuyageuza ya nyumba yake. Alisema watu wajue limetoka wapi. Basi nyumba ya Bibi ina herufi S kubwa juu ya paa mpaka leo.

Kazi ngumu haikuwa mikono, ilikuwa kichwa. Mnadhani mnakumbuka mtaa wenu? Jaribuni kuujenga. Siku ya kwanza tulipanga avenyu kwa chaki juu ya mlango, na kabla ya saa moja kupita tulikuwa na Nyakabiga tatu tofauti. Mmoja anasema butike ya chumvi na sabuni ilikuwa kona hii, mwingine anasema hapana, hiyo ilikuwa ya mganda, butike ilikuwa ya pili yake. Mama wa cherehani akatupa njia. Alisema: "Acheni kutazama. Fungeni macho mtembee." Basi tukawa tunamkalisha mtu, anafumba macho, anatembea kwa mdomo kutoka kwao mpaka kampasi, na sisi tunaandika. Natoka langoni. Nageuka kushoto. Hapa kuna mwembe, chini yake wanatengeneza baiskeli. Hapa kuna mfereji, naruka. Hapa nanusa indagala zinakaangwa. Hapa wanafunzi wa chuo wanapanga vyumba, wamekaa nje na madaftari. Hapa kuna buvette, jioni kuna burusheti na ndizi za kuchoma, na Primus kwa wenye hela.

Kumbe miguu inakumbuka kuliko macho. Kwa njia hiyo mifereji yote ilirudi, hata ile midogo, kwa sababu kila mtu alijua ni wapi alikuwa anaruka.

Watoto waliozaliwa hapa ndio walitusumbua kwa maswali. Walitaka ziwa. Tukawaambia Nyakabiga haina ziwa, ziwa liko chini kule. Wakauliza: "Lakini lilikuwa linaonekana?" Ukisimama pahali pa juu, siku isiyo na ukungu, unaliona, na nyuma yake milima ya Kongo, Uvira kule. Basi lazima liwepo. Tulichukua turubai chakavu, tukakata pale penye buluu, tukashona vipande, tukalitundika ukutani nyuma ya meza. Milima tukaichora kwa makaa. Tukawaeleza kwamba Tanganyika ina kina cha karibu mita 1,470, wakabisha. Kwa mtoto wa Turkana, maji ya kiasi hicho ni hadithi.

Mto waliuelewa haraka zaidi. Hapa tuna Tarach, ambao siku nyingi ni mchanga mtupu, halafu mvua ikinyesha huko juu unakuja usiku na kuchukua nyumba. Ntahangwa nao una tabia hiyo. Unashuka kutoka milimani kwa nguvu, unakula kingo zake, na mwaka hadi mwaka korongo limezidi kupanuka na kumeza parseli za watu pande zote mbili, Nyakabiga na ng'ambo. Hatukuhitaji kuchimba korongo kwenye meza. Mzee alisogeza tu milango ile miwili, ikaacha mwanya, akasema: "Ntahangwa ni huo." Nyumba za kando ya mwanya tumezibandika kwa gundi kidogo sana makusudi. Mbili zimeshaanguka.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo nusura livunje kazi yote. Tulijadiliana kama tuliandike humu, tukakubaliana tuliandike.

Tulikuwa tumefika Nyakabiga ya Pili. Mzee akachukua katoni akaanza kujenga nyumba ya baba yake, na uani akaweka mti wa avoka. Mama wa cherehani alikuwa anamtazama. Akamwuliza: "Mzee, hiyo ni nyumba ya nani?" Mzee akasema ni ya kwetu, hapo ndipo nilipozaliwa. Mama akasema: "Hapana. Hapo ni kwetu sisi."

Ilikuwa parseli moja. Avenyu moja, upande mmoja, avoka ile ile.

Wasomaji mlio Warundi mmeshaelewa. Wengine tutawaeleza kwa kifupi. Rais Melchior Ndadaye aliuawa tarehe 21 Oktoba 1993, na katika miaka miwili iliyofuata mitaa ya Bujumbura iligawanyika, watu wakafukuzana, huyu akakimbilia huku, yule kule. Walioondoka Nyakabiga wakati ule si wale walioondoka mwaka 2015. Mzee aliondoka mwaka 1994 na fundo la nguo, akapitia kambi za Kigoma, na hakuirudia nyumba ile. Familia ya Mama iliinunua parseli mwaka 1999 kutoka kwa mtu mwingine, kwa karatasi zote, na wao wenyewe walikuwa wamefukuzwa mtaa mwingine. Waliikimbia mwaka 2015, ule mwaka wa maandamano, ambapo baada yake Warundi zaidi ya 400,000 walivuka mipaka. Miaka sita tumekaa majirani hapa kambini, tumekopeshana unga, tumezikana, na hakuna aliyewahi kumwuliza mwenzake avenyu ya ngapi.

Kazi ilisimama. Wiki mbili meza ilifunikwa na shuka. Mzee hakuja, Mama alisema ana nguo za watu za kumaliza. Sisi wengine tulikuwa tunapita pale tunaangalia shuka kama kuna maiti chini yake. Tuliogopa. Tuliwahi kuona mambo yanaanza kwa maneno madogo kuliko hayo.

Aliyeifungua ile meza ni Bibi. Alimwendea Mzee jioni, na hakwenda kusuluhisha, alikwenda kuuliza swali. Akamwuliza: "Ile avoka, ilikuwa ya maganda meusi au ya kijani?" Mzee akajibu: kijani, na ndogo, lakini mafuta yake! Bibi akaenda kwa Mama na swali lile lile. Kijani. Ndogo. Watoto walikuwa wanaiba zingine kupitia ukutani. Bibi akarudi kwa Mzee: "Walikuwa wanaiba kupitia ukutani?" Mzee akasema walioiba wa kwanza ni sisi, ukuta huo huo, tulikuwa tunawauzia wanafunzi.

Tusiwadanganye kwamba walikumbatiana. Hawakukumbatiana. Mzee alirudi siku ya tatu, akajenga kuta nne kama alivyozikumbuka, vyumba viwili na jiko nje. Mama alileta binti yake, akaongeza chumba cha tatu ambacho marehemu mumewe alikiongeza, na bati jipya la mbele. Walifanya kazi upande huu na upande ule wa meza, wakipitishiana mkasi bila maneno mengi. Avoka waliiweka pamoja, shina ni waya wa Mzee, majani ni vitambaa vya Mama. Chini ya paa, ambalo linafunuka, Mzee ameandika jina la baba yake na Mama ameandika la mumewe. Swali la nani mwenye nyumba halikujibiwa mezani, na si kazi yetu sisi kulijibu. Siku moja litahitaji kujibiwa kule kwenyewe.

Usiku ule Mzee alitukumbusha ule mchezo wa redio, Umubanyi Niwe Muryango, maana yake jirani ndiye ndugu. Studio Ijambo ya Bujumbura ilianza kuurusha mwaka 1997, vita vikiwa vinaendelea, na aliyeuandika ni mama mmoja, Marie-Louise Sibazuri. Ni habari za familia mbili jirani, moja ya Kihutu na moja ya Kitutsi. Mzee aliusikiliza akiwa kambini, Mama aliusikiliza akiwa Nyakabiga, kwenye nyumba ile. Tunapenda kufikiri juu ya huyo mwandishi, akiwa amekaa na kalamu yake wakati watu wanauana, anatafuta maneno ya jirani kumwambia jirani. Sisi kazi yetu ni ya makopo tu. Lakini tulipata nguvu kujua kuna Mrundi aliyekwisha kuthubutu.

Kuna sehemu moja zaidi ambayo wageni huuliza. Tumetengeneza watu wadogo wa waya na kuwaweka kila mahali, wa kusuka nywele, wa kucheza karata, wa kubeba makreti, wanafunzi wa chuo. Lakini kuna barabara ambazo hazina mtu hata mmoja. Tarehe 11 Desemba 2015 kambi za jeshi mjini zilishambuliwa, na asubuhi ya tarehe 12 watu wa Nyakabiga walipofungua milango waliikuta miili barabarani. Kijana wetu mmoja alitaka tuionyeshe, alisema tusipoonyesha tunaficha. Mama mmoja alisema mtoto wake akiona hataingia tena chumba hiki. Tulibishana jioni tatu. Mwisho tulikubaliana barabara hizo ziachwe wazi, zimefagiliwa, na kila anayeuliza aambiwe. Asiyeuliza apite. Mpaka leo kijana yule hajaridhika, na pengine yeye ndiye yuko sahihi.

Tulifunua meza Januari. Tulidhani watakuja Warundi ishirini. Walikuja watu mpaka nje, Wakongo, Wasomali, Wasudani Kusini, na wenyeji Waturkana pia. Vijana wa ngoma walikuja wenyewe bila kuitwa, wakaacha ngoma nje wakaingia kutazama, na kiongozi wao akaitafuta nyumba ya shangazi yake dakika nzima mpaka akaipata. Jirani yule wa maneno ya matope naye alikuja. Alizunguka meza mara mbili, akagusa korongo, halafu akauliza kama makopo yamebaki.

Na yule mtoto aliyeuliza tunajua kufanya nini, tulimpa kazi ya kuwatembeza wageni. Hajawahi kukanyaga Bujumbura. Anasimama na kijiti, anasema: "Hapa unageuka kushoto, ruka mfereji." Alikosea mara moja tu, alimwambia mgeni kwamba kutoka kampasi mpaka kwa Bibi ni mita moja na nusu. Kwa meza yetu ni kweli.

Tangu hapo wametujia watu wa Buyenzi, wanasema yao itakuwa na msikiti na itakuwa kubwa kuliko yetu, tutaona. Amekuja baba mmoja wa Bukavu ambaye yuko peke yake na anataka kujenga chumba kimoja tu, cha mama yake. Tumemwambia chumba kimoja kinatosha sana, aanze na kitanda. Na familia nne za Uvira wameshaanza. Wao ni wa ng'ambo ya ziwa letu, kwa hiyo wametuomba tuwapimie lile turubai la buluu, ili wakitundika la kwao kwenye ukuta wa pili, maji yashikane.

Mkasi wa bati tunao mmoja, nyundo mbili. Tunaazima, ila virudi. Tunakutana Jumamosi saa tisa alasiri kwenye kibanda cha Mama wa cherehani, karibuni hata ambao hamjui mtaanzia wapi, mtafumbishwa macho tuwaandikie. Kila mmoja aje na kopo lake. Ya maziwa pia yanafaa, ila yaoshwe, siafu walituhamisha wiki iliyopita.